Mashine ya Mama Baridi

Mashine ilizimika katikati ya kazi. Pu! Skrini ikawa nyeusi. Binti akarusha mikono juu, akaishusha taratibu. Baba yake alikuwa kwenye kochi upande wa pili wa chumba akimenya chungwa. Alishtuka mpaka kisu kikamponyoka.

"Tena?"

"Tena, Baba."

Ndivyo ilivyokuwa siku hizo. Inaamka vizuri, inafanya kazi kidogo, feni zinaanza kulia kama kinu cha kusaga, halafu giza. Mzee akainuka, akaweka kiganja juu ya kasha. Akakitoa mbio. Huyu ni mtu aliyechomelea mageti na madirisha maisha yake yote, mtaa mzima ukimwita Mzee Cheche. Chuma cha moto alikijua. Lakini joto hili lilimtisha, kwa sababu mashine hii haikuwa na tabia hiyo. Mashine hii ilikuwa ya Mama Baridi.

Mama Baridi alikuwa mkewe. Sasa ni marehemu. Mzee hakupenda kusema zaidi ya hapo, na watu walishajifunza kutomuuliza.

Jina lile walimpa wateja. Alikuwa na meza moja tu, hapohapo chumba cha mbele, chini ya dirisha. Watu walimletea kompyuta zinazochemka, naye akazipoza. Kufuta vumbi alifuta, kubadilisha feni alibadilisha, lakini kazi yake hasa ilikuwa nyingine. Alipunguza umeme unaoingia kwenye prosesa, ile chembe ya katikati inayopiga mahesabu yote. Alifungua ukurasa ule wa ndani, unaotokea kabla mashine haijaamka sawasawa, akacheza na namba. Basi. Mashine iliyokuja ikihema ilirudi kwa mwenyewe kimya, tena ikikimbia kuliko ilivyokuja.

Mwanzoni mumewe hakumwamini hata kidogo.

"Mke wangu, usinichezee. Mimi nikipunguza umeme, chuma hakishiki. Wewe unapunguza, halafu unasema kazi inaongezeka?"

"Ndiyo."

"Basi nipunguzie na ugali, tuone kama nitapata nguvu."

"Wewe kula. Tumbo lako si prosesa."

Akamwita aone kwa macho yake. Akaipa mashine kazi ngumu, mzee akatazama namba za joto zikipanda na mwendo ukishuka. Mkewe akapunguza umeme, akaipa kazi ileile. Joto likakaa chini. Kazi ikaisha mapema. Mzee alibaki mdomo wazi, miwani ya kuchomelea ikiwa bado kichwani.

"Umefanya nini hapo?"

"Nimeacha kuilisha kupita kiasi," mkewe akasema. "Kiwandani wanazimwagia zote umeme mwingi, ili hata ile dhaifu ifanye kazi. Hii si dhaifu. Ikimwagiwa inachemka. Ikichemka inajipunguzia mwendo yenyewe isije ikaungua. Mimi naipa ya kuitosha. Haina sababu ya kuogopa tena, inakimbia."

Alikuwa na njia moja tu. Shusha hatua moja. Ipe kazi ngumu. Ngoja. Ikivumilia, shusha tena. Ikianguka, ipandishe kidogo, hapo ndipo pake. Kila prosesa ina pake, alisema, hata mbili zilizotoka kwenye boksi moja. Kwa hiyo namba zake hakuziandika popote. Ya nini? Namba za mashine zilikaa ndani ya mashine.

Hii ya nyumbani aliihangaikia kuliko zote. Alikuwa ameshaanza kuugua. Alikaa na mto mgongoni, anashusha, anangoja, anashusha. Alikuwa akimtengenezea binti yao, ambaye kazi yake ni kuchora nyumba ambazo hazijajengwa na kuzifanya filamu, unaziona kama unatembea ndani. Kazi nzito hiyo, mashine inaweza kuhangaika nayo siku nzima. Alipoimaliza akasema, "Hii haitakusumbua." Ndiyo ilikuwa kazi ya mwisho ya mkono wake.

Na sasa ilikuwa inasumbua.

Ingekuwa usumbufu tu, mzee angevumilia. Lakini bosi wa binti alipiga simu, na binti alikuwa amefungua spika. Mzee alisikia kila kitu.

"Hatuwezi kungoja zaidi. Kama mashine ya nyumbani haiwezi, hamia huku. Meza ipo, mashine zipo. Jumatatu nataka jibu."

Huku alikosema ni mji mwingine, safari ya kutwa nzima kwa basi. Mzee aliangalia chumba. Meza, kiti, kochi. Akajiona peke yake humo, akiongea na feni.

"Tutaitengeneza," akasema.

Binti alikuwa anatazama dirishani. "Sawa, Baba."

Mzee akamwita Fundi Kelele.

Huyu alikuwa na kibanda mtaa wa nyuma, kimejaa taa za rangi na feni zinazovuma. Vijana wa michezo ya kompyuta walimpenda. Kazi yake ilikuwa kinyume kabisa na ya Mama Baridi: yeye aliongeza umeme, akazisukuma mashine mpaka zikapiga kelele, kelele zikampa jina. Walibishana miaka na miaka. "Dada, wewe unazitesa kwa njaa." "Kaka, wewe unazikaanga." Ubishi wenyewe ulikuwa wa kupendana. Siku ya msiba alilia kuliko ndugu wa damu, ikabidi ashikwe. Ndiyo maana mzee alikuwa shemeji yake, na yeye na binti waliitana mjomba.

Alikuja Jumamosi mchana na begi lake la bisibisi.

"Hodi! Shemeji, shikamoo."

"Marahaba. Karibu. Mgonjwa yuko hapo."

"Nimemsikia toka nje. Leo nyumba yenu inaniita jina langu."

Mzee akacheka kidogo. Zilikuwa siku nyingi hajacheka. Fundi akavuta kigoda, akaiwasha mashine, akabonyeza kibodi haraka haraka mpaka ukurasa wa ndani ukafunguka. Akasoma. Akasoma tena. Uso ukabadilika.

"Shemeji. Hapa hakuna kitu."

"Hakuna kitu vipi?"

"Mkono wa dada haumo. Mashine hii ni kama imetoka dukani jana. Umeme unaingia wote, mzima mzima." Akageuka. "Nani kaingia humu?"

"Hakuna aliyeingia," mzee akasema. "Nani aingie? Tuko wawili tu."

Fundi akazima, akachomoa waya, akafungua ubavu wa kasha. Akawasha tochi ya simu, akainama mpaka pua ikakaribia kugusa ubao. Kulikuwa na betri ndogo ya mviringo, bapa kama kifungo cha koti. Ilikuwa inang'aa.

"Hii betri ni mpya."

Mzee akasema, "Ah, hiyo. Hiyo ni mimi."

Alisema kwa amani kabisa, kama mtu anayesema kwamba ndiye aliyefunga mlango.

"Wewe?"

"Kipimo changu cha sukari kilikufa. Kichwa kinazunguka, maduka yamefungwa. Nikakumbuka marehemu aliwahi kunionyesha, humu mna betri kama ile. Nikachomoa waya ukutani kwanza, mimi si mjinga. Nikaazima. Kesho yake nikanunua mpya, nikairudisha mahali pake. Mashine ikawaka, ikaandika maneno, ikataka nibonyeze kitu, nikabonyeza. Sikuiibia chochote."

Fundi Kelele alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Nini?" mzee akauliza. "Nimeweka kinyume?"

"Umeweka sawa, shemeji."

"Sasa?"

"Ile betri haiendeshi mashine. Inashika kumbukumbu waya ukichomolewa. Ukitoa waya, ukatoa na betri, mashine inasahau. Inasahau saa, inasahau tarehe. Inasahau kila alichoiambia dada."

Mzee hakuelewa mara moja. Kisha akaelewa. Akatafuta kochi kwa mkono kama kipofu, akakaa. Wiki zile zote. Mto mgongoni. Anashusha, anangoja. Yeye mwenyewe amekuja na vidole vyake vinene, akatoa kifungo kimoja, na vyote vimekwenda. Tena kwa adabu! Tena amechomoa waya kwanza!

"Nimemfuta," akasema.

"Shemeji, hukujua."

"Alichobakiza ni hicho. Nimekifuta kwa mkono wangu."

"Hukujua, jamani. Nani angekwambia? Si kazi yako." Fundi alikuwa anatafuta maneno ya kumtuliza, na katika kutafuta akamgeukia binti. Hapo akasita. Kitu kilimjia.

"Lakini wewe, mjomba," akasema polepole. "Mashine ikisahau tarehe, inaamka na ya zamani. Siku ya kwanza lazima ilikuonyesha. Hukuiona?"

"Niliiona."

"Na mama yako alikufundisha maana yake."

"Alinifundisha."

"Sasa, mbona..."

Hakumaliza. Nje mtu alikuwa anapiga msumari kwenye bati, akaacha naye.

Mzee aliinua kichwa. "Ulijua?"

"Siku ileile, Baba. Ilionyesha mwaka ambao Mama alikuwa mzima. Nilikaa nikautazama sana. Halafu nikajua."

"Na ulijua ni mimi?"

"Nani mwingine? Tuko wawili tu."

"Hukusema."

"Sikusema."

"Kwa nini?"

Binti alikuwa amesimama na mgongo ukutani. Alikuwa na mikono ya mama yake, mirefu, na hakujua aiweke wapi. "Ningesema, ingetengenezwa. Ikipona, ningebaki."

Maneno hayo yalimpiga mzee kama shoti ya umeme. Alishapigwa shoti kazini si mara moja, alijua inavyokuwa: huumii kwanza, unashangaa. Ndivyo alivyokaa, anashangaa. Fundi Kelele akainamia begi lake, akaanza kutafuta bisibisi ambayo ilikuwa mkononi mwake.

"Umechoka na mimi," mzee akasema.

"Si hivyo."

"Sema."

"Nakaa kwenye kiti chake, Baba. Nikisikia hatua nyuma yangu nangoja mkono wake begani. Nikigeuka, ni wewe, umeleta chungwa. Kila siku saa ileile unamenya, unapanga kwenye kisahani, unaweka hapa karibu na kibodi. Nakula." Akanyosha kidole kochini. "Baba, mimi sipendi machungwa. Sijawahi kupenda, tangu mdogo. Mama ndiye aliyependa."

Mzee akatazama kochini. Chungwa la leo lilikuwa pale, nusu limemenywa, ganda linaning'inia. Akalitazama kana kwamba limewekwa na mtu mwingine. Alijaribu kukumbuka siku moja, hata moja, ambayo binti huyu alikula chungwa akiwa mtoto. Alikumbuka ndizi. Alikumbuka maembe, nguo zikichafuka. Chungwa hakulikumbuka. Binti yake wa kumzaa, na hakujua!

"Ulikuwa unakula tu," akasema.

"Nilikuwa nakula tu. Nilishindwa kukwambia hilo dogo, ningewezaje kukwambia nataka kuondoka? Nikasema acha mashine inisemee."

Mzee aliinuka. Akapita katikati yao, akaenda jikoni. Walisikia bomba likifunguliwa, maji yakimwagika muda mrefu. Binti akajifuta uso kwa kiganja. Fundi akanong'ona, "Pole, mjomba," na binti akatikisa kichwa.

Jikoni mzee alikuwa amesimama mbele ya bomba na kikombe kitupu. Alingoja hasira. Hasira haikuja. Kilichokuja ni mshangao uleule, unazidi tu: amekaa na mtu chumba kimoja, asubuhi mpaka jioni, na hakumwona. Alimwona marehemu. Kila alipotazama kiti kile, alimwona marehemu.

Akarudi. Akasimama mlangoni.

"Kelele."

"Naam, shemeji."

"Iponye."

Fundi akatazama huku na huku. "Nilidhani kwa hali hii..."

"Iponye. Anaondoka nayo. Haondoki na mgonjwa."

"Baba," binti akasema, "huko wana mashine zao."

"Wana zao. Wewe una yako."

Binti alikuwa amejiandaa kwa kelele, kwa machozi, kwa kunyamaziwa siku kadhaa. Kwa hili hakuwa amejiandaa. Akakaa kwenye mkono wa kochi kama mtu aliyesukumwa.

Fundi akafunga kasha, akarudisha waya, akafungua ukurasa wa ndani. Vidole vyake vikaruka. Akaipa mashine kazi, filamu ya jengo la ghorofa aliloliacha binti. Mara feni zikapanda, zikavuma, meza ikatetemeka.

"We!" mzee akafoka. "Umefanya nini?"

"Nimeongeza. Samahani, shemeji. Mkono umezoea."

"Unamkaangia mtoto mashine!"

"Mjomba, nipishe," binti akasema.

"Nikupishe nini, mimi ni fundi."

"Wewe ni fundi wa kelele. Nipishe."

Akampisha. Binti akavuta kiti, akakaa. Akarudisha namba mahali pake, kisha akashusha hatua moja. Akaipa kazi. Wakangoja wote watatu, mzee nyuma, mikono mgongoni, kama watu wanaongoja daktari atoke. Ikavumilia. Akashusha tena. Feni zikaanza kupunguza sauti, kwanza huwezi kuwa na hakika, kisha kweli. Kwenye skrini namba ya joto ilikuwa inateremka na namba ya mwendo inapanda.

Fundi Kelele alisogeza uso. "Subiri. Hiyo ni ya mwendo?"

"Ndiyo, mjomba."

"Imepita ile yangu? Niliyoongeza?"

"Imepita mbali."

"Haiwezekani."

"Si unaona?"

"Naona. Ndiyo maana nasema haiwezekani." Akavua kofia, akaishika kifuani. "Dada alinieleza jambo hili mpaka mate yakamkauka. Mimi nacheka. Nilidhani anasema kwa ubishi tu. Kumbe mimi miaka yote naziunguza za watoto wa watu!"

"Alikwambia unazikaanga," mzee akasema.

"Alinambia. Nilidhani ni utani."

Binti akashusha tena, na tena. Jua likahama kutoka mezani likaenda sakafuni. Kisha skrini ikageuka rangi ya buluu, maandishi yakatokea, mashine ikakatika ghafla. Mzee aliruka.

"Imekufa!"

"Haijafa, Baba. Imefika mwisho wake. Hapa haiwezi, basi." Akaiwasha, akapandisha hatua, akaipa kazi ileile. Ikafanya. Ikafanya mpaka jengo lote likaisha, vyumba, ngazi, madirisha, mtu angeweza kuingia akakaa. Feni hazikusikika.

"Hizi ndizo namba zake?" mzee akauliza.

Binti akazitazama tena. "Sijui, Baba. Huenda ndizo. Huenda yeye alifika chini zaidi. Hakuna wa kutuambia."

Ilimchoma, lakini alishukuru kwamba hakudanganywa. Akasogea, akaweka kiganja juu ya kasha. Akakiacha pale. Lilikuwa na uvuguvugu tu, kama ukuta wa nyumba asubuhi.

"Huko unakokwenda," akasema hatimaye, "kuna joto?"

"Kuliko hapa."

"Chumba chako?"

"Sijakiona bado. Wanasema ni cha juu, chini ya bati."

Mzee akamtazama fundi. "Joto la bati haliwezi kuiangusha?"

"Linaweza, shemeji. Ikiwa ukingoni hivi, linaweza."

"Basi msiiache ukingoni. Mpe nafasi mtoto. Akifika huko ugenini, iwe na pa kupumulia."

Fundi alitaka kusema kwamba wataipunguzia mwendo, akaona uso wa mzee, akaacha. Binti akarudi kwenye namba. Akapandisha hatua moja zaidi ya ile ya mwisho, akasimama na kidole juu ya kibodi, akamtazama baba yake.

"Hivi?"

Mzee hakujua kusoma namba zile. Alimtazama yeye, usoni, kwa mara ya kwanza tangu msiba.

"Hivyo hivyo," akasema. "Funga. Jumatatu uwajibu unakuja."